Maswali ya Wasomaji: Kipaza Sauti, Begi la Safari na Jumamosi za Binti

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi, Dodoma na Tanga, na zote tatu zimeandikwa na watu wanaoshika kipaza sauti kwenye mbio za barabarani. Ya kwanza ilikuwa ndefu. Nimeifupisha kidogo na kuondoa mambo ambayo yangeweza kumtambulisha mwandishi, lakini hoja zake nimeziacha kama alivyozipanga.

SWALI: Shikamoo Mzee Mshauri. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mkazi wa Moshi, mkaguzi wa hesabu wa ndani katika taasisi yenye matawi Babati, Singida na Dodoma. Kila robo mwaka hukaa nje ya kituo wiki mbili au tatu. Pamoja na kazi hiyo, kwa miaka 11 nimekuwa mshereheshaji wa mbio. Nilianza kwa bahati tu, siku ambayo aliyepangwa hakufika na mratibu akanisukumia kipaza sauti kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na spika na nina sauti kubwa. Leo natangaza mbio kama 14 kwa mwaka, nyingi Moshi, Arusha na Karatu, na chache Tanga na Dodoma.

Binti yangu yuko kidato cha tatu na anacheza mpira wa kikapu katika klabu ya vijana. Timu yao husafiri karibu kila baada ya wiki mbili, mara Arusha, mara Tanga, mara mojamoja Dar es Salaam, na kwa kuwa klabu haina basi, sisi wazazi huwabeba watoto kwa zamu. Zamu zangu nyingi huzishika mama yake, ambaye ni muuguzi na mara nyingine hushika usukani akitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku.

Mwezi Septemba mwaka jana yalinifika. Niliondoka Singida Ijumaa jioni baada ya kikao cha kufunga ukaguzi, nikiendesha gari peke yangu, nikafika nyumbani saa saba usiku, Jumamosi nikawapeleka watoto Arusha na kurudi nao, na Jumapili saa kumi alfajiri nilikuwa uwanjani nikijaribu spika. Ilipokaribia saa tatu asubuhi akajitokeza kijana mmoja peke yake kwenye kona ya mwisho, nami nikapaza sauti kwamba mshindi wa marathoni ndiye huyo anakuja. Watu wakapiga vigelegele, wapiga picha wakakimbilia utepe, kijana akaukata huku akishangaa. Alikuwa wa nusu marathoni, tena wa nafasi ya tisini na kitu. Rangi ya namba yake ya kifuani ilikuwa tofauti kabisa, na mimi nilikuwa naitazama bila kuiona. Mshindi halisi alifika dakika nne baadaye akakuta utepe uko chini. Nilimwomba radhi hadharani, kisha nikamfuata mwenyewe. Alinijibu, "Hamna shida, mzee wangu," na upole ule ndio ulioniuma zaidi.

Wiki iliyofuata binti alinipigia simu kutoka Tanga kunieleza kwamba wameshinda na yeye amefunga pointi 11. Nilikuwa Babati, nimechoka, nikamjibu, "Hongera sana, makofi kwake jamani!" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi siyo mkimbiaji."

Nataka kupunguza utangazaji. Hata hivyo, malipo yake hunisaidia kwenye ada, waratibu wengine ni rafiki zangu wa miaka mingi, na kusema kweli kazi yenyewe naipenda. Nianze kupunguza wapi, na nifanyeje ili safari za kikazi zisiendelee kula Jumamosi za mtoto?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo neno "kupunguza", kwa sababu nami nililitumia nilipokuwa na umri wako, na lilinipotezea miaka mitatu. Niliwaambia waratibu wote kwamba napunguza, na kila mmoja alinielewa vizuri sana: aliamini kwamba nawapunguza wenzake. Mwaka uliofuata nilitangaza mbio nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia, kwa kuwa kila aliyenipigia simu alianza kwa kusema, "Najua unapunguza, ila hii yetu moja tu." Neno hilo halina tarehe ndani yake, na mratibu wa mbio ni mtu anayeishi kwa tarehe, ukimwachia nafasi bila tarehe ataijaza yeye. Kwa hiyo waandikie. Barua iwe fupi, itaje siku ya mbio zako za mwisho kwake na jina la mtu unayependekeza ashike nafasi yako. Usimalize jambo hili kwa simu, maana kwenye simu atakuchekesha, mtakumbushana mvua ya mwaka ule na jenereta lililozimika, na kabla hujakata utakuwa umekubali mbili nyingine.

Tarehe hiyo itoke kwenye kalenda ya shule, wala si kwenye kalenda ya mbio. Binti yako yuko kidato cha tatu. Mwakani atakuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa huwa Novemba, na klabu yoyote yenye watu wazima ndani yake humpunguzia safari mchezaji wa kidato cha nne kuanzia katikati ya mwaka. Akifaulu, kidato cha tano atapangiwa shule, na anayetoka Moshi anaweza kujikuta bwenini Tabora, Iringa au Songea. Toa likizo, toa miezi ya mitihani, kisha hesabu mwenyewe safari zilizobaki kwa mwendo wa kila baada ya wiki mbili: zitakuwa thelathini hivi, na hizo ndizo zote. Mbio, kwa upande mwingine, hazina haraka. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003, na tangu hapo mji wako hujaa wageni kila mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, awepo mtangazaji huyu au yule. Ukirudi ukiwa na miaka 55 utazikuta spika zimesimama palepale. Basi weka mbio zako za mwisho kabla binti hajaingia kidato cha nne, na usijipe zaidi ya hapo.

Kati ya leo na siku hiyo kuna suala la upunguze nini kwanza, na hapa ndipo naona wengi wanakosea, kwa sababu hupunguza idadi ya mbio bila kugusa siku yenyewe ya mbio. Siku ya mbio ina kazi tatu ndani yake, na wewe umekuwa ukiziuza zote kwa bei ya moja. Ya kwanza ni ya kuanzisha: kugawa namba Jumamosi, kujaribu vyombo, kuzungumza na wafadhili, kumpanga mgeni rasmi, kisha alfajiri kuwapanga watu kwenye mstari kwa umbali wao. Ya pili ni ya kuwapokea washindi. Ya tatu ni ya kuwapokea waliobaki, yaani mkia wa mbio, ambao ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa.

Iachie kwanza kazi ya kuanzisha. Ndiyo inayokula Jumamosi yako yote na usiku wake, kwa sababu mbio zinazopigiwa bunduki saa 12:30 asubuhi zinakutaka uwanjani saa kumi, na anayetakiwa uwanjani saa kumi hawezi kuwa Tanga saa kumi na mbili jioni ya jana yake. Tena ndiyo kazi rahisi kuliko zote kumfundisha mtu. Maneno yake ni yaleyale kila mwaka: vyoo viko wapi, wa kilomita 42 wapite mbele, wa kilomita 5 wasisogee kwanza, mama aliyepotelewa na mtoto aje jukwaani, kumi, tisa, nane. Kijana mwenye ulimi mwepesi ataishika kwa mbio mbili.

Kazi ya washindi iachie ya pili, lakini usiiachie ovyo, kwa kuwa hiyo inahitaji macho kuliko mdomo. Mrithi wako ajue rangi za namba kabla hajajua majina. Awe na mtu wa redio ya mkononi kwenye kilomita ya mwisho anayemwambia nani anakuja nyuma ya pikipiki ya kuongoza. Kama waandaaji wana mkeka wa kusoma chipu, yaani kile kifaa kidogo cha kupimia muda anachovaa mkimbiaji, uliotandikwa mita mia kadhaa kabla ya mstari, basi awekewe kompyuta inayomwonyesha jina kabla mwenye jina hajaonekana. Na ajifunze kunyamaza hadi awe na hakika nani ametangulia. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia wote wakiwa na saa 2:09:48, na kilichowatenganisha kilikuwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, yaani sekunde 0.03. Aprili mwaka huohuo, kwenye Boston Marathon, Simbu alikuwa wa pili kwa saa 2:05:04, na Mkenya Cyprian Kotut akawa wa tatu kwa muda huohuo. Mtu ambaye kwa siku mbili amelala saa nane jumla hafai kusimama kwenye mstari wa namna hiyo, hata akiwa na miaka 11 ya uzoefu. Kosa lako la Septemba halikutokana na uzee wala kukosa ujuzi. Ulikuwa umelala huku umesimama, mdogo wangu.

Ile ya tatu, ya mkia, endelea nayo hadi siku yako ya mwisho. Kwanza, ni kazi ya saa za watu: waliopigiwa bunduki saa 12:30 na wanakimbia polepole huanza kumiminika kuanzia saa nne na nusu asubuhi, kwa hiyo kwenye mbio za Moshi unaweza kulala kwako, kunywa chai na watu wako, na kufika uwanjani saa nne kasoro ukiwa umechangamka. Pili, ndiyo kazi isiyofundishika upesi. Wakati huo wafadhili wameshaondoka, mgeni rasmi ameshapiga picha, mafundi wanatazama nyaya zao wakitaka kuzikunja, na barabarani anakuja mama wa miaka sitini na kitu anayetembea zaidi ya kukimbia. Anayemsomea jina lake kamili na mtaa anaotoka, kwa sauti ileile aliyompokelea mshindi, ndiye mtangazaji. Sisi Watanzania tunapaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa sababu mkimbiaji wetu anayekumbukwa zaidi duniani alimaliza wa mwisho: John Stephen Akhwari, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, akichechemea na bandeji mguuni zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, uwanja ukiwa umebaki na watu wachache. Nakubali kwamba waratibu wengine watakataa kumlipa mtu wa mkia peke yake. Hao waandikie ile barua mapema zaidi.

Kuhusu fedha, fanya kwenye mfuko wako ukaguzi unaoufanya kwenye mifuko ya watu. Andika kila mbio za mwaka uliopita, andika ulicholipwa kweli na si ulichoahidiwa, kisha toa mafuta, chumba cha kulala, chakula, na madeni ambayo waandaaji wameyaita "wiki ijayo" tangu kiangazi kilichopita. Nina hakika utakuta kwamba mbio chache za karibu, zile za Moshi na Arusha, ndizo zinazobeba karibu yote yanayoingia kwenye ada, na kwamba za Tanga na Dodoma umekuwa ukizitangaza kwa heshima ya urafiki. Urafiki una njia nyingine za kuheshimiwa. Mpigie mratibu wako wa Tanga siku binti anapocheza huko, mle naye samaki baada ya mechi.

Sasa safari za kikazi. Wewe si dereva wa lori anayeambiwa asubuhi aende wapi jioni. Mkaguzi wa ndani ana mpango kazi wa mwaka, na katika taasisi nyingi zinazofuata mwaka wa fedha wa Julai hadi Juni mpango huo huandaliwa Aprili na Mei. Mwezi wa kuzungumza na mkuu wako ni huo, wala si Ijumaa ya safari. Nenda na ratiba ya timu ya binti mkononi. Omba mambo mawili tu: vikao vya kufunga ukaguzi viwe Alhamisi ili Ijumaa iwe siku ya kusafiri mchana, na wiki za Dodoma ziangukie wiki ambazo timu haisafiri. Ukiwa hapo, mweleze pia kwamba hulipwa kwa kutangaza mbio, kama bado hujamweleza. Taasisi nyingi humtaka mtumishi atamke shughuli ya nje inayompatia kipato, na sitarajii kumfundisha mkaguzi habari ya kutamka.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelipita kama kituo kisicho na abiria, nami sitalipita. Uliendesha gari kutoka Singida hadi Moshi usiku, peke yako, baada ya siku nzima ya kikao. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Barabara ile usiku ina ng'ombe, ina Fuso zilizoharibika zisizowasha taa wala kuweka matawi, na ina wewe mwenyewe uliyechoka, ambaye ndiye wa hatari kuliko vyote. Lala Babati, amka alfajiri. Na kama lazima usafiri usiku, panda basi, maana tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena kutembea usiku, na angalau mle ndani anayeendesha ni mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Hesabu hiyohiyo inamhusu mkeo. Muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku hapaswi kubeba watoto wanne wa watu hadi Arusha. Kabla hujaomba ratiba ya timu, omba ratiba yake ya zamu, na Jumamosi za kwanza kuzichukua ziwe zile zinazofuata usiku wake wa kazi. Ukishika hizo tu, umeshabadilisha nusu ya jambo hili.

La mwisho ni ile simu ya Tanga. Ukianza kwenda kwenye mechi, utagundua kwamba sauti ile haijui kukaa mfukoni. Mimi kijana wangu alipokuwa akicheza mpira wa miguu alinifuata wakati wa mapumziko, akiwa na chupa ya maji mkononi, akaniomba kwa adabu zote nikakae upande wa pili wa uwanja, nyuma ya goli la wapinzani. Nilikaa. Kutoka kule niliona mechi vizuri kuliko nilivyowahi kuiona, kwa sababu kwa mara ya kwanza sikuwa nikiisimulia. Jaribu mechi tatu bila kumwita jina kwa sauti, na wakati wa kurudi mwachie yeye asimulie, ukiendesha.

SWALI: Salaam Mzee. Mimi ni mwalimu wa miaka 27, niko Dodoma. Kwa miaka miwili nimemsaidia mtangazaji mmoja wa mbio, na sasa ameniambia kuwa mwakani ananiachia mbio zake mbili kwa sababu kazi yake ya ofisini inamsafirisha mno. Naogopa mambo mawili: kulinganishwa naye, na kulipwa nusu ya alichokuwa akilipwa kwa kuwa mimi ni mwanamke na ni mgeni. Nimwombe nini kabla hajaondoka?

JIBU: Mwombe daftari, mwanangu. Kila mtangazaji wa muda mrefu ana daftari, au siku hizi faili kwenye simu, lenye majina ya wakimbiaji na namna yanavyotamkwa, na hilo lina thamani kuliko kipaza sauti chenyewe. Wakimbiaji wetu wengi wa mbio ndefu wanatoka Mbulu, Karatu, Hanang na Babati, na majina ya Kiiraqw yana sauti ambazo sisi tuliokulia kwingine hatuna: q na x za lugha hiyo hutoka nyuma kabisa ya koo, na ukizisoma kama k na s umemwita mtu mwingine. Usione haya kwenda eneo la kupasha misuli moto na kumuuliza mkimbiaji, "Jina lako unalitamkaje?" Hajatokea hata mmoja aliyewahi kuniona mjinga kwa swali hilo, na wengi walitabasamu kabla sijamaliza kuuliza.

Mwombe pia akae nawe kwenye mbio za kwanza bila kipaza sauti mkononi. Narudia, bila kipaza sauti, kwa sababu mtangazaji anayeacha akipewa cha pili "cha kusaidia" ndani ya dakika kumi utajikuta wewe ndiye wa kusaidia. Akae nyuma yako na karatasi, aandike anachokiona, mzungumze jioni. Kitu kimoja hasa akufundishe kwa vitendo ni tofauti ya muda wa bunduki na muda wa chipu, maana hapo ndipo ugomvi wa kumalizia huanzia: nafasi za washindi hufuata nani aliyekata mstari kwanza tangu bunduki ilipolia, wakati muda wa chipu, unaoanza pale mtu anapokanyaga mkeka wa mwanzo, ni wa mkimbiaji kujipima. Ukitangaza kwa muda wa chipu kwamba fulani amempita fulani, umewagombanisha watu wawili kwa spika za kilowati kadhaa.

Kuhusu kulinganishwa, utalinganishwa, na kwa mbio mbili za kwanza utalinganishwa vibaya. Usiige vichekesho vyake. Watu wanasamehe sauti mpya upesi kuliko sauti ya kale inayoigizwa.

Kuhusu malipo, muulize yeye mwenyewe kwa uwazi alikuwa akilipwa kiasi gani na mratibu gani huchelewesha. Kama amekuamini na mbio zake, atakuambia. Kisha mwandikie mratibu, taja kiasi hicho hicho, taja kwamba nusu iingie kabla ya siku ya mbio, na taja saa utakayoanza na saa utakayomaliza, kwa kuwa mwalimu mwenye vipindi Jumatatu asubuhi anahitaji kupanda basi au treni ya Jumapili jioni. Akijibu kwamba bajeti ya mwaka huu imebana, mpunguzie saa, usimpunguzie bei: mwambie kwa fedha hiyo utafanya kazi hadi washindi wapewe zawadi, na mkia atafute mwingine. Kwa uzoefu wangu bajeti hulegea siku hiyohiyo.

SWALI: Mheshimiwa, natangaza mbio Tanga mara moja kwa mwezi na Jumatatu huwa nasafiri kikazi kutoa taarifa mbele ya wakubwa. Kila mara sauti hukauka. Nakunywa tangawizi na asali na kuongea kwa kunong'ona hadi Jumatatu, lakini haisaidii. Nifanyeje?

JIBU: Tangawizi na asali hazina neno, ila haziendi kwenye nyuzi za sauti; chochote unachomeza hupita njia nyingine. Kinachosaidia nyuzi hizo ni maji, na ni maji ya tangu Jumamosi, wala si ya dakika unapokauka. Kunong'ona ndiko kunakokuharibia, kwa kuwa wengi wakinong'ona hukaza koo kuliko wanapozungumza kawaida. Ama zungumza kwa sauti yako ya chini ya kila siku, ama nyamaza kabisa.

Siku ya mbio sogeza kipaza sauti karibu na midomo na mwachie fundi wa muziki kazi ya kupaza. Washereheshaji wengi wanaokauka ni wale wanaopiga kelele kwenye chombo kilichotengenezwa ili wasipige kelele. Mwombe fundi akuwekee spika ndogo inayokutazama wewe, kwa maana mtu asiyejisikia hupandisha sauti bila kujijua. Kila nusu saa weka muziki kwa dakika tano, unywe maji na usizungumze hata na fundi. Na kama ukavu huo umepita wiki tatu mfululizo bila kuondoka, acha kusoma safu za magazeti, nenda ukamwone daktari wa masikio, pua na koo akutazame nyuzi zenyewe.

Taarifa ya Jumatatu omba iwe baada ya chakula cha mchana. Ikishindikana, mpe mwenzako aisome, wewe ubaki kujibu maswali.